Msemaji wa Nne
Sehemu ya Tisa

Ulivunjika, jamani! Wiki nzima mnanisimamisha njiani, mpaka kinyozi wangu kaninyoa nusu kichwa, kagoma kumalizia mpaka nimwambie: mlango wa chumba cha sauti ulivunjika au haukuvunjika? Ulivunjika. Teke la kwanza lilipasua kitasa, la pili likauleta mlango wote ndani pamoja na bawaba zake.

Na wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, fungua masikio, sirudii. Binti yetu yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasoma Kiingereza na isimu. Wenzake wanamwita Kinasa, maana haachani na kinasa sauti hata akienda kuoga. Utafiti wake wa kumalizia shahada ni juu ya mafundi wa gereji na namna wanavyochomeka Kiingereza wakiwa kazini. Alikificha kile kinasa kwenye rafu, katikati ya makopo ya rangi, katika gereji ambayo mama yake mdogo anashonea viti vya magari. Kuficha nasema kwa mazoea tu. Watu wote wa pale walijua kipo, na kila mmoja alitia sahihi ya kukubali kurekodiwa.

Jioni moja, mafundi wakiwa wameshaondoka, kinasa kikanasa mtu akipigwa. Asubuhi yake Dereva wa lori akaokotwa mle mle gereji, maiti, kachomwa kitu chenye ncha kali. Kinasa akaja kuisikiliza rekodi hiyo wiki tatu baadaye. Mnawajua wanafunzi. Alikuwa chumba cha sauti cha chuo, amefika dakika ya kumi na nane, kati ya dakika arobaini na sita, pale mlango ulipomwangukia miguuni.

Aliingia Nyundo. Huyu ndiye anayesakwa na polisi kwa kifo cha Dereva. Nyuma yake akaingia Kimya, ambaye hasemi. Kazi yake ni kupiga.

"Rekodi ya gereji iko wapi?" Nyundo akauliza.

"Rekodi gani?"

Kofi likamtoa kwenye kiti. Kinasa akalamba sakafu, mdomo ukamjaa damu.

"Fundi rangi kaniambia yote," Nyundo akasema. "Na usimlaumu, nilimwingiza kichwa kwenye pipa la tina ya kuzimulia rangi mara tatu. Iko wapi?"

Mzee Mitambo, yule anayetunza vifaa vya chumba kile, akainuka kwenye kona yake, miwani ikimteleza puani. "Ebo! Hapa ni chuo kikuu, si machinjioni! Tokeni!"

Kimya akakamata stendi ya maikrofoni, chuma kitupu, akamtandika nayo ubavuni. Mbavu zikalia. Mzee akakunjamana chini akihema kwa shida.

"Iko hapo kwenye kompyuta!" Kinasa akapiga kelele. "Chukua, vunja, fanya unavyotaka, mwacheni mzee wa watu!"

Wewe msomaji ungedhani jitu lile lingechomoa ile kadi yenye rekodi, isiyo na nakala, na kuiponda kwa kisigino. Hata mimi ningedhani hivyo. Nyundo alivuta kiti, akakaa, akavaa vile visikilizio masikioni, akaanza kusoma kwenye skrini kama mwanafunzi anayejiandaa na mtihani.

M5: Mzigo uko wapi?
(kishindo)
(kimya, sekunde mbili)
M6: Mzee, naomba, nina watoto
(kishindo)

Akakunja uso. "Hii M ni nini?"

"Msemaji. Hatuandiki majina ya watu, tunawapa namba."

"M5 ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na haya uliandika wewe? Mtu anapigwa, wewe unahesabu sekunde?"

Kinasa aliposikia kishindo cha kwanza vidole vyake viliendelea kuandika vyenyewe, kama alivyofundishwa, kila pumzi na kila kimya mahali pake. Aliposhtuka alikuwa ameshajaza ukurasa mzima wa kipigo. Aibu ilimshika mbele ya jambazi.

"Miaka mitatu unasoma Kiingereza, hukijui tu?" Nyundo akasonya. "Kumbe mnasoma haya." Akaisogeza rekodi mbele. Dakika ya ishirini na tano. Thelathini. Arobaini.

Hapo akaacha kupumua. Akainama, akabana visikilizio kwa mikono yote miwili. Kinasa akamwona anatetemeka mabega, akadhani analia. Kumbe anacheka, tena cheko la mtu aliyeponea tundu la sindano.

"Kuna mwanamke humu mwishoni," akasema. "Ni nani?"

"Mwanamke gani? Sijafika huko, haki ya Mungu."

Akarudisha nyuma mpaka dakika ya sita, kwenye porojo za mafundi kabla hawajaondoka, mtu akiomba uzi mweusi na kumtania fundi breki. Akasikiliza. Akaenda tena mwishoni. Akarudi.

"Sauti ile ile. Umemwandika M4. Nani huyu M4?"

Moyo wa Kinasa ukalipuka paa! M4 ni mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka tisa, siku mama mzazi alipogongwa na gari njia panda na gari lenyewe likatokomea. Yeye alijua mama mdogo aliondoka na wenzake jioni ile. Kumbe alibaki. Kumbe aliona yote, akanyamaza wiki tatu, akipika, akifua, akimuuliza habari za masomo. Na sasa muuaji anamtafuta shahidi wake.

"Simjui," akasema.

"Gereji ile ina wanawake watano. Nianze na yupi?"

"Nimesema simjui!"

Nyundo akampa Kimya ishara ya macho. Kimya akamkamata Kinasa mkono wa kushoto, akautandaza mezani, akachagua kidole cha mwisho, akakikunja kwenda nyuma mpaka kikalia kah!

Nampenda binti huyu, nasema wazi, na anayenicheka anicheke. Alipiga ukelele, alitukana matusi ambayo mhariri wangu amekataa kuyachapa, lakini jina hakulitaja. Kimya akashika kidole cha pili.

"Ngoja," Nyundo akasema. "Mkoba huo."

Hapa ndipo ninapotaka kumchapa mimi mwenyewe. Mwalimu wake alimwambia mara mia: karatasi za sahihi zina majina ya watu, zifungiwe kabati la ofisini, ghorofa ya tatu, zisikae kamwe pamoja na rekodi. Msemaji akiitwa M4 abaki M4 mpaka kiyama. Kinasa akaona uvivu wa kupanda ngazi. Akazitia mkobani, na kwa kujirahisishia kazi, kila karatasi akaiandikia namba kwa wino mwekundu pembeni. Wanafunzi wote wanafanya hivyo, na wote wanajua ni kosa.

Nyundo akamwaga mkoba mezani. Akapekua. M1, fundi rangi. M2, fundi breki. M3, fundi umeme. Akatoa karatasi ya nne akaisoma kwa sauti, taratibu.

"Mshonaji wa viti. Chumba cha nyuma, mlango wa bluu. Na sahihi kaweka. Asante sana, msomi."

"Usimguse! Nakuomba, nipige mimi!"

Akachomoa kadi kwenye kompyuta, akaitia mfuko wa shati. "Kaa naye nusu saa," akamwambia Kimya, kisha akatoka mbio kwenda kwenye pikapu yake nyeupe.

Nusu saa! Kwa pikapu, gereji ni dakika kumi na tano. Kinasa akatazama kulia na kushoto. Pembeni kulikuwa na kile kijumba cha kurekodia, kuta za sponji, mlango mnene kama wa ghala la barafu. Akajishika tumbo, akajifanya anatapika, akajikokota kuelekea mle ndani. Kimya akamfuata, akanyoosha mkono kumvuta nywele.

Kinasa akageuka, akamng'ata kwenye kiganja mpaka meno yakakutana na mfupa. Kimya, kwa mara ya kwanza katika hadithi hii, akasema. Alisema "Mamaaa!" Kinasa akamvika waya wa visikilizio shingoni, akavuta kwa mkono mzima, goti mgongoni. Jamaa akampigiza ukutani mara mbili. Kinasa akaona nyota, waya ukamponyoka.

Basi ilikuwa imekwisha, kama si Mzee Mitambo. Mzee aliinuka na mbavu zake zilizovunjika, akaokota stendi ile ile, akaishusha kwenye kisogo cha Kimya kwa nguvu zote za miaka sitini na mbili. Kimya akaangukia ndani ya kijumba. Kinasa akaruka nje, wakausukuma mlango wote wawili. Kiganja cha Kimya kilikuwa bado kimeshika kizingiti. Waliusukuma hivyo hivyo, na mlango ukafunga. Vidole vitatu vilibaki upande huu.

Kelele zake hazikusikika hata kidogo. Vyuo vinajenga vizuri vikitaka.

"Kimbia mwanangu," mzee akasema akiteleza ukutani. "Mimi nitaita watu."

Kinasa akakimbia. Simu sikioni, inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Na tena. Mama mdogo akiwa kwenye cherehani hasikii hata radi, na Kinasa alilijua hilo. Akadandia pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Gereji ya kona ya reli! Nikifika baada ya pikapu nyeupe mtu anakufa!"

"Dada, una damu..."

"Twende!"

Walipita juu ya vijia vya waenda kwa miguu, wakapita katikati ya malori mawili, kioo cha pembeni kikaruka. Kinasa analia, anamwomba Mungu, anamtukana Mungu, anamwomba msamaha, yote kwa pumzi moja. Walipokata kona ya mwisho, akaiona pikapu nyeupe imeegeshwa getini, mlango wazi.

Ilikuwa saa saba, mafundi wote wameenda kula. Uani hakuna mtu. Kinasa akaokota spana ya magurudumu iliyolala kando ya jeki, akauendea mlango wa bluu.

Nyundo alikuwa amemshika mama mdogo nywele, amemlaza shavu juu ya cherehani. Sindano ilikuwa inchi moja kutoka kwenye jicho.

"Sema twende! Sema kwa hiari yako!" Nyundo alikuwa akifoka.

Kinasa hakungoja kusikia aende wapi. Alizungusha spana kwa mikono miwili, kidole kilichovunjika na vyote, akampata kwenye goti. Goti likapasuka kama sahani. Nyundo akaanguka akiburuta cherehani, mama mdogo na marobota mawili ya ngozi ya viti. Akiwa chini akamkamata Kinasa kifundo cha mguu, akamwangusha, akamkalia kifuani, akaanza kumkaba. Ulimwengu ukaanza kuingia giza.

Mama mdogo akachukua mkasi. Si mkasi wa ushonaji wa nyumbani huo. Ni wa kukatia ngozi, mrefu kama mkono wa mtu. Akauzamisha kwenye bega la Nyundo mpaka ukagota. Nyundo akamwachia binti, akajiviringisha pembeni akilia kama ng'ombe.

"Mmalize, mama!" Kinasa akakohoa. "Anataka kukuua kwa sababu ulimwona!"

Na Nyundo, damu inamchuruzika, akacheka tena lile cheko lake.

"Nimuue kwa kuniona? Mjinga wewe. Nimekuja kumpeleka polisi! Nimeshawapigia, wako njiani. Yule Dereva nilimpiga, kumpiga nakubali, alinipotezea mzigo. Lakini nilimwacha anapumua! Mimi niliondoka dakika ya thelathini na nne. Msomi mzima, kwa nini hukusikiliza mpaka mwisho?"

Kinasa akamtazama mama yake mdogo, akingoja akanushe. Mama mdogo alikuwa anafuta mkasi kwa kipande cha kitambaa, taratibu, kama afanyavyo kila akimaliza kazi.

"Mama?"

"Ni kweli anayosema, mwanangu."

"Kweli nini?"

"Nilibaki kumaliza kiti cha mteja. Walipoingia nikajificha chini ya haya marobota. Walimpiga, walimpiga, mpaka akaanza kuungama kila uovu aliowahi kufanya ili wamwache. Mizigo aliyoiba. Mafuta aliyouza njiani." Akasita. "Na mwanamke aliyemgonga kwa lori njia panda, miaka kumi na mbili iliyopita. Akasema alishuka akamtazama. Akamkuta mzima, macho wazi, anamwomba msaada. Akaogopa atakuja kumtaja. Akapanda lori, akarudi nyuma juu yake."

Kinasa akajiinua sakafuni, macho kwa mama mdogo.

"Dada yangu," mama mdogo akasema. "Mama yako. Hawa wakaondoka, mimi nikatoka kule chini. Yule mtu akaniona, akaniomba maji. Mkasi nilikuwa nao mkononi."

Kinasa akalia. Hakulia kwa ajili ya Dereva, nisije nikawadanganya. Alimlilia mama yake aliyekuwa mzima pale barabarani, macho wazi, na yeye miaka yote akiambiwa kwamba alikufa papo hapo, hakuumia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nikuone kwanza umevaa joho. Miezi minne tu ilibaki. Nikakuone, nikupige picha, kisha ningekwenda polisi kwa miguu yangu mwenyewe."

Nje, gari likafunga breki. Milango yake ikabamizwa, buti zikakanyaga kokoto za uani.

"Haya!" Nyundo akasema, anajikaza aketi. "Kadi iko hapa mfukoni. Tutasikiliza wote!"

Kinasa hakulaza damu. Akaliwekea mguu lile goti lililopasuka, akakanyaga kwa uzito wake wote. Nyundo alipofumbua kinywa kulia, binti alishachomoa kadi mfukoni. Akaupokonya mkasi mkononi mwa mama mdogo, akaikata kadi vipande viwili, vinne, vinane.

"Hapana!" Nyundo akapayuka. "Hiyo ni shingo yangu! Utaninyonga bure! Sikumuua mimi!"

Akaingia Inspekta, mwanamke mfupi mwenye bastola mkononi, na askari wawili nyuma yake. Akatazama damu ukutani, cherehani chini, jitu linalolia sakafuni.

"Nani alimuua yule dereva wa lori?"

Nyundo akamnyooshea mama mdogo kidole. "Huyo! Rekodi imekatwa sasa hivi mbele ya macho yangu!"

Jamani, ushindi ulikuwa mkononi. Ushahidi vumbi, jambazi anajulikana mji mzima, nani angemwamini? Angenyamaza tu mama wa watu. Lakini mama mdogo alimtazama Nyundo pale chini, akatikisa kichwa.

"Mtu asinyongwe kwa kazi ya mkono wangu," akasema. "Hata huyu. Ni mimi niliyemuua."

"Mwongo!" Kinasa akapiga kelele, akasimama mbele yake. "Ni mimi! Alimuua mama yangu, nikamuua. Huyu ananikinga tu."

"Nyamaza, mtoto wewe!"

"Ni mimi, afande! Nifunge!"

Inspekta akawatazama mmoja baada ya mwingine. Askari walikuwa na pingu jozi moja. Akafunga mkono wa huyu na mkono wa yule. Mama mdogo, kwa mkono wake ulio huru, akamchapa Kinasa kofi ambalo hajawahi kumpiga tangu amlee.

"Joho, mwanangu! Joho nililolisubiri!" Sauti ikamkatika, akamkumbatia kwa mkono ule ule.

"Tulieni," Inspekta akasema. "Mmoja wenu anadanganya, na nitamjua sasa hivi. Kuna jambo moja halikuandikwa gazetini. Kila mmoja aniambie sikioni: mkasi uliingia mara ngapi?"

Akamwinamia mama mdogo kwanza. Mama mdogo akamnong'oneza. Inspekta akaitikia kwa kichwa, uso hausemi kitu. Kisha akahamia kwa Kinasa.

Kinasa dakika ile hakuisikiliza. Akautafuta mkono wa mama yake ndani ya pingu, angalau vidole vimdokezee. Mama mdogo akakunja ngumi, akaikaza. Hakutaka binti ajue.

Basi akajiuliza tu moyoni, mama huyu ninayemjua mimi angeweza mara ngapi? Hakuweza kumwona akiinua mkono mara ya pili.

"Mara moja," akanong'ona.

Inspekta akajivuta nyuma. Akamtazama binti, akamtazama mama, akairudisha bastola kwenye ala yake.

"Nilikuja kuchukua mtu mmoja," akasema. "Jibu lenu ni moja. Kumbe mlimuua pamoja. Ingieni garini wote wawili."